Tina Turner alirudije juu akiwa na miaka 44? Nataka mambo yenyewe, sio "aliamini ndoto zake"

Kitinda Mimba

Wakuu heshima kwenu. Nina swali na naomba nijibiwe na watu wanaojua muziki, manake nimeuliza kwenye magrupu ya wasap nimeishia kutumiwa picha za jua linachomoza na maneno ya kutia moyo.

Nina dada yangu, wa kwanza kuzaliwa kwetu, ana miaka 43. Ameimba bendi toka ana 19, hoteli za Arusha na Moshi kazimaliza zote, na kiongozi wa bendi ndo alikuwa mumewe. Mwaka juzi wameachana. Sasa vyombo vilikuwa vya mume, jina la bendi la mume, namba za mameneja wa hoteli ziko kwenye simu ya mume, hata nyimbo alizotunga dada mwenyewe ukiuliza ni za nani unaambiwa za bendi. Katoka na begi la nguo na maiki moja aliyoinunua kwa hela yake. Sahivi anauza vitenge na ukimgusia habari ya kuimba anakwambia mimi nishapitwa, zamu ya watoto hii.

Juzi nimeingia jikoni nimemkuta anaosha masufuria anaimba kwa chini, hajanisikia, nikasimama pale mlangoni sijui dakika ngapi. Sauti ipo pale pale wakuu. Haijachuja hata kidogo. Nimetoka nje nimekaa kwenye ngazi nimelia, na mimi si mtu wa kulia.

Nimewahi kusikia Tina Turner naye alitoka kwa mume ambaye ndo bosi wa bendi, akapotea, alafu 1984 akatoa albamu ikatikisa dunia. Naomba kujua ile miaka ya katikati aliishije? Nani alitoa hela? Nyimbo alizipata wapi kama alikuwa hana kitu? Nauliza hivi kwa sababu dada hataki hotuba, ukimpa hotuba anakuangalia tu anaendelea na kazi zake. Ukimpa "walifanya hivi na hivi" anasikiliza.

Mzee wa Kaseti

Kaa nikueleze mdogo wangu, huyu mama nimemfuatilia toka enzi za kaseti. Kwanza usimwambie dada yako kwamba 1984 "alirudi" kama mtu aliyelala akaamka. Kwa Ike, huyo mumewe, aliondoka Julai 1976. Hesabu mwenyewe, hapo katikati kuna miaka minane, na hiyo minane ndo stori yote.

Siku yenyewe ilikuwa Dallas, Texas. Walifika kuanza ziara, ugomvi ukaanzia kwenye gari toka uwanja wa ndege, wanafika hotelini suti yake nyeupe ina damu. Ike akalala. Mama akatoka kimya kimya kwa nyuma, akakatiza barabara kuu malori yanapita, nusura agongwe, akaingia hoteli ya ng'ambo kuomba chumba cha mkopo. Mfukoni ana senti 36 na kadi ya mafuta. Mtu ambaye alishachukua Grammy 1972 na dunia nzima inamjua kwa wimbo wa Proud Mary, senti 36.

Talaka ikaisha 1978 na hapa ndo pa kumsomea dada yako taratibu. Hakugombania nyumba, studio wala hela za nyimbo. Alibaki na magari mawili na jina. Sasa jina lenyewe hakuzaliwa nalo, kwao anaitwa Anna Mae Bullock, mtoto wa Nutbush kule Tennessee kwenye mashamba ya pamba, hilo Tina Turner alilitunga Ike na alilifanya kama mali yake. Lakini mama alijua promota hanunui vyombo, promota ananunua jina litakaloandikwa kwenye bango, kwahiyo hilo moja hakuliachia.

Alafu madeni. Ile ziara ilikatika katikati, shoo zilizokuwa zimepangwa hazikufanyika, na aliyekuja kudaiwa ni yeye aliyeondoka. Aliishi kwa marafiki, alikula kwa kuponi za serikali za watu wasio na kitu. Akaanza kufanya kila kazi iliyopita mbele yake: vipindi vya michezo ya TV, shoo za mikutano ya makampuni, na kumbi za hoteli Las Vegas na kwingine, na gauni za kumetameta na wacheza shoo nyuma, anaimba nyimbo za watu wanakula chakula cha usiku hata hawamwangalii. Umeona? HOTELI. Kazi ile ile ya dada yako. Akatoa albamu mbili peke yake, Rough 1978 na Love Explosion 1979, zote zikalala chini na lebo ikaachana naye. Kwahiyo mtu akikwambia alitoka kwa Ike akang'ara, mwambie alitoka kwa Ike akafeli mara mbili kwanza.

Na mimi niseme langu la nyumbani. Huku bara TV imekuja 1994, kwahiyo ile albamu ya 84 sisi tuliijua kwa masikio tu. Kaka yangu alikuwa fundi cherehani Kariakoo, akarekodiwa kaseti, upande A kaandika TINA kwa peni nyekundu, upande B Mbaraka Mwinshehe. Tulikuwa tunabishana yule binti ana miaka mingapi, wengi tukasema 25. Siku moja akaja mteja ametoka Nairobi na gazeti lina picha yake na mwaka wa kuzaliwa, 1939. Kaka alihesabu mara mbili. Mama yetu alikuwepo pale anasubiri kanga zake zipindwe, wakati huo ana miaka 46 na sisi tulishamhesabu ni bibi. Akaomba lile gazeti. Akalishika muda mrefu, mpaka cherehani ikasimama, akasema "na miguu yake mizuri". Akarudisha. Mpaka leo nikisikia ile albamu namwona mama yangu na lile gazeti.

Bint Unguja

Wallahi nilikuwa sijui kama alipita mahotelini kabla. Nilidhani kaolewa, kaachika, kapata nyota. Mzee ahsante.

Mwambie dada yako Bi Kidude wetu tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, kapewa 2005, na alikuwa bibi kizee kweli kweli si wa miaka 43. Hiyo 43 kwetu bado ni mwari.

Mlima Mkavu

Samahani nitakuwa tofauti kidogo na sio kwa nia mbaya. Nadhani tunamdanganya huyu dada. Tina Turner alipoondoka kwa mume alikuwa TAYARI mtu mkubwa, alishafungulia ziara za bendi ya Rolling Stones, Mick Jagger mwimbaji wao anamjua, mwanamuziki David Bowie anamjua. Alikuwa chini ndiyo, lakini alikuwa na namba za simu. Dada wa Arusha atampigia nani? Na sauti kama ile Mungu anatoa moja kwa karne.

Jingine, tusimfanye malaika. Mwaka 1979 alienda Afrika Kusini kupiga shoo wiki kadhaa wakati wa ubaguzi wa rangi, ndugu zetu wako jela. Baadaye alikiri kwamba siasa alikuwa hazijui na akajutia, lakini alienda kwa sababu ya hela. Hiyo nayo ni sehemu ya ile miaka minane.

Mzee wa Kaseti

Mlima umesema kweli na sikupingi, hata hiyo ya Afrika Kusini iliniuma nilipokuja kuijua. Alikuwa na jina, nimelisema mwenyewe. Ila nikuulize, hilo jina lilimpa mkataba? Alikaa miaka hana lebo Marekani kwake, wakubwa wa lebo wanamjua vizuri kabisa na ndo maana walikuwa hawamtaki, wanamwona ni mama wa miaka 40 wa zamani wa Ike. Wakati mwingine kujulikana ni mzigo, mtu akikujua anadhani ameshakumaliza. Hapo Fundi wa Diani atakuja anajua mambo ya studio kuniliko.

Fundi wa Diani

Nimeitwa nimekuja. Mimi natengeneza sauti kwa hoteli huku pwani miaka kumi na tano sasa, hao waimbaji wa hotelini ndio watu wangu wa kila usiku, kwa hivyo hii mada imenishika.

Ule mgeuko ulianza na meneja. 1979 hivi alikutana na kijana wa Australia aitwaye Roger Davies, hakuwa mtu mkubwa. Akaenda kumtazama kwa ukumbi, akaona sauti iko na nguvu iko, lakini kila kitu kilichomzunguka kinamzeesha. Gauni, wachezaji, mpangilio wa nyimbo, bendi. Basi wakakubaliana ile bendi waiachishe, wakachukua vijana wachache wa rock, wakatoa yale mapambo yote. Hii ni kitu mimi naona kila wiki, mwimbaji ana sauti ya kukata lakini amefungwa na shoo ya mwaka aliyoianza, na anaogopa kuifungua manake ndiyo inampa unga.

Halafu hakumpeleka ukumbi mkubwa. Alimpeleka klabu moja New York, The Ritz, 1981, pale ambapo waandishi na wanamuziki wenyewe huenda. Ikaleta kufungulia Rolling Stones tena mwaka huo huo. Sasa Januari 1983 David Bowie yuko New York na wakubwa wa lebo wanataka kutoka naye jioni, akawaambia yeye usiku huo anaenda Ritz kumtazama mwimbaji wake anayempenda kuliko wote. Wakamfuata. Wale wale walioshindwa kumtazama kwa miaka wakaenda kwa sababu ya nani anaenda. Lebo ya Capitol ikampa mkataba. Ndugu yangu Mlima atasema si umeona, ni Bowie. Sawa, lakini Bowie angewapeleka kutazama nini kama mama angekuwa nyumbani anauza vitenge? Yeye alikuwa jukwaani tayari.

Nyimbo sasa, kwa sababu ndugu umeuliza alizipata wapi. Hakuandika hata moja ya zile kubwa. Uingereza kulikuwa na jamaa aitwaye Martyn Ware, mtu wa vinanda vya umeme na mashine za ngoma, alikuwa ameshafanya naye wimbo mmoja 1982. Wakachukua wimbo wa Al Green, Let's Stay Together, ukatoka mwisho wa 1983. Mwambie dada asikilize ule mwanzo kwa earphone. Hakuna ngoma. Kinanda kimelala tu kama hewa, na sauti inatembea peke yake bila haraka, unasikia hata pumzi anavyoivuta, ndipo mdundo unaingia na yeye anaupanda kama mtu anayepanda matatu inayotembea. Uingereza ukaingia kumi bora, Marekani ukapenya pia, na lebo ikashtuka, wanataka albamu na wanaitaka jana.

Ile albamu, Private Dancer, sehemu kubwa imefanywa London kwa kama wiki mbili. Wiki mbili! Watayarishaji tofauti, kila mmoja na studio yake, meneja anazunguka kuomba nyimbo kwa watu. Ule wimbo wenye jina la albamu ni wa Mark Knopfler wa bendi ya Dire Straits, alikuwa nao kwa kabati, aliona hauwezi kuimbwa na mwanamume. Wenzake wa bendi ndio wamepiga, na lile gitaa la solo ni Jeff Beck. Na ule uliomfanya, What's Love Got to Do with It, ulishapelekwa kwa Cliff Richard ukakataliwa, kikundi cha Bucks Fizz wakaurekodi ukakaa, na Tina mwenyewe mara ya kwanza HAKUUPENDA. Aliuona laini, yeye ni mtu wa kupasua. Terry Britten aliyeuandika na Graham Lyle akamrekebishia uende kwa njia yake.

Na hapa ndipo mimi kama fundi huwa nasimama. Sikiliza beti. Hapandi. Watu wanamjua kwa kupiga kelele, lakini pale anaimba chini, karibu anaongea, sauti ina mchanga ndani yake, na ule mchanga huupati ukiwa na miaka 22. Wimbo uleule kwa kikundi cha vijana ni wimbo mzuri tu. Kwake ni mtu anayejua anachokisema. Septemba 1984 ukafika namba moja Marekani ukakaa wiki tatu, namba moja yake ya kwanza maishani akiwa peke yake, na wakati ule hakukuwa na mwanamke mwingine wa umri ule aliyefika pale peke yake. Mwanzo wa 1985 akachukua Grammy tatu kwa nyimbo za albamu hiyo, pamoja na ile kubwa ya rekodi ya mwaka. Albamu ilifika namba tatu Marekani, pale tu ilithibitishwa kuuza zaidi ya milioni tano, na dunia nzima inahesabiwa zaidi ya milioni kumi.

Na wakati albamu inatoka bado alikuwa anafungulia ziara ya Lionel Richie. Hakusema mimi sasa mkubwa sifungulii mtu.

Bint Unguja

Fundi hiyo ya kuimba chini nimeifungua sasa hivi nikasikiliza. Kweli. Mimi miaka yote naimba kiitikio tu, beti nilikuwa sizisikii.

Kitinda Mimba

Nawashukuru sana, sana. Na wewe Mlima nakushukuru, manake dada angeniuliza hilo hilo la namba za simu na ningekosa jibu.

Jana usiku nimemsomea yote aliyoandika mzee, ile ya senti 36 akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema "mimi nilitoka na elfu kumi na mbili", akaendelea kukunja vitenge. Ilipofika kwenye lile la jina akaacha kukunja. Kumbe kuna kitu hajawahi kuniambia, hoteli mbili zilimpigia baada ya kuachana wakitaka aje YEYE, akawajibu bendi ni ya yule bwana. Yaani alikuwa na jina lake mkononi akalirudisha mwenyewe.

Swali la nyongeza kwa anayejua, zile nyimbo alizotunga anaweza kuzidai?

Gita la Tatu

Habari dada/kaka. Hilo nalijua kidogo kwa sababu lilinikuta. Haki ya mtunzi haiji kwa sababu bendi imesema, inakuja kwa sababu ulitunga, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko hivyo. Aende COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, akajisajili yeye na kazi zake na aende na chochote alichonacho: madaftari aliyoandikia maneno, rekodi za simu za mazoezi, watu waliokuwepo akitunga. Mimi daftari langu lilikuwa na tarehe na doa la chai na lilinisaidia kuliko nilivyofikiri. Kiongozi wangu wa zamani alibisha lakini tulikaa tukaongea, nyimbo tatu zikarudi kwangu, mbili tukagawana. Asisubiri, watu wanaohama mji na kubadilisha simu ndo mashahidi wake wanapotea.

Mlima Mkavu

Hizo hoteli mbili zilizompigia ndo namba zake za simu. Nilisema hana, nimekosea. Awapigie kabla msimu wa wageni haujaanza, Juni wanaanza kujaza ratiba za burudani.

Kitinda Mimba

Wakuu narudi. Leo jioni nimemwekea zile nyimbo mbili kwa earphone kama Fundi alivyosema, moja moja. Ule wa Al Green amesikiliza mpaka mwisho hajasema neno, kidole tu kinahesabu kwenye meza. Wa pili ulipofika beti akatoa earphone moja akaniambia "huyu hakazi koo, anaacha". Akavaa tena. Akaurudia mara nne, mara ya nne anaimba juu yake kwa chini kama alivyokuwa anaimba jikoni ila safari hii anajua nipo.

Anasema ule wa kwanza pumzi bado, miaka miwili hajaimba, ila huu wa pili anauweza na kwa sauti yake anautaka ushuke kidogo. Fundi una ala tupu za huo wimbo? Amesema hatua mbili chini, sijui maana yake, nimeandika alivyotamka. Na kesho anaenda kulipata daftari lake lilikobaki kwa mama mkwe.

Fundi wa Diani

Ninazo. Lakini hatua mbili asikisie, aimbe bila muziki arekodi kwa simu, beti na kiitikio, asimame asikae. Unitumie nisikie sauti inakaa wapi ndio nishushe. Kesho sina kazi, nitashinda nyumbani.